Kikohozi Tulichokiita cha Moshi

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu uondoke nimeingia kisomo cha watu wazima hapa Mgwashi, na ungekuwepo ungenicheka ninavyoshika kalamu kama mpini wa jembe.

Naomi amejifungua mtoto wa kike. Amekuja kuzalia kwangu, kama mimi nilivyozalia kwako. Kwa desturi yetu ningekuwa ndani naye, nikimwogesha mtoto. Lakini nipo jikoni, ng'ambo ya ua, peke yangu na mafiga. Nakohoa, mama. Kikohozi kinakuja mfululizo mpaka machozi yanatoka, halafu kinaniacha kama hakikuwepo. Ni kile kile chako.

Unakumbuka nilipomzaa Yona? Watoto wa jirani walikuwa na kifaduro, wanakohoa mpaka wanatapika, na wakivuta pumzi inaingia kwa mlio. Tukawafungia mlango. Wewe ukabaki ndani nasi, unakohoa, tukasema ni moshi wa kuni. "Kifaduro ni cha watoto," ulisema, ukamkumbatia Yona kifuani. Yeye hakuwa hata na nguvu ya kukohoa. Alikuwa anaacha kupumua, midomo inageuka rangi, kisha anarudi. Asubuhi moja hakurudi.

Nesi wa zahanati ya kijiji ndiye aliyenieleza. Mtu mzima naye hukipata, ila kwake huonekana kikohozi tu; kwa kichanga ndipo kinapoua. Amenipa dawa, na Naomi na mtoto wamepewa zao. Sindano ya kukinga mtoto atachomwa akifikisha umri. Mimi nisiwakaribie mpaka aniruhusu.

Nilirudi nyumbani nalia njia nzima, na niliyekuwa namlilia ni wewe. Nilishukuru kwamba umekufa hujui. Leo nakwambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Naomi anaona nesi anatutisha bure. Huko kisimani wanasema namkimbia binti yangu. Naacha uji mlangoni, anauchukua bila kunitazama. Jana alisema, "Bibi asingeniacha hivi."

Ni kweli, usingemwacha.

Ningemsimulia habari za Yona angenielewa pale pale. Lakini wewe ndiye uliyemlea, mama, na bado anakulilia. Nikarudi jikoni. Afadhali anikasirikie mimi.

Mtoto tumempa jina lako. Akilia, namwita kutoka huku uani, na mara nyingine hunyamaza kunisikiliza.

Basi pumzika. Siku nesi akiniruhusu nitaoga, nitajifunga kanga yako ya kijani, niingie nimpakate mpaka mikono ife ganzi. Akikua nitamwambia bibi mwenye jina lake alijua kubembeleza watoto kuliko sisi sote. Hili la kikohozi sitamwambia yeye wala mama yake.

Mwanao