Haidrojeni Iliyopoteza Elektroni Yake

Buhembe, Bukoba

Mjukuu wangu Kemilembe,

Nakusalimu kwa upendo. Sisi hatujambo. Babu yako bado anapalilia kibanja, na shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike.

Umeniuliza nilianzaje kuipenda kemia. Nilikuwa nasoma Muleba, wakati wa Mwingereza. Muhula ule mama yangu alifariki, nami nikaacha kuzungumza na watu.

Siku moja, mvua ikinyesha taratibu, mwalimu alikamulia limau juu ya karatasi ya litmasi ya buluu. Ikageuka nyekundu polepole, kama anga la alfajiri.

“Zilizoigeuza ni ioni za haidrojeni zilizomo katika asidi ya limau,” alisema. “Atomu ya haidrojeni ina elektroni moja tu. Ikiipoteza, kinabaki nini?”

“Hakibaki kitu,” nilijibu, bila hata kunyoosha mkono.

Hakunikaripia. Alinitazama kidogo, kisha akasema, “Inabaki protoni, binti yangu, ndogo mno. Ila ndani ya maji haikai peke yake. Molekuli ya maji huipokea, ikaipitisha kwa jirani, na jirani kwa jirani mwingine.”

Nilisikiliza mvua juu ya bati, nikayawaza maji ya ziwa zima yakipokezana kitu kidogo hivyo.

Jioni niliwafuata wenzangu kisimani, mara ya kwanza tangu msiba. Justina, rafiki yangu, akanisogelea.

“Tulikuwa tunakungoja,” akasema.

Tukapanda kilima pamoja, mitungi kichwani, nami nikaongea njia nzima.

Akuombeaye daima,
Bibi yako Adelina