Matufaa Yanayochelewa Kuanguka

Albert Park, Durban

Koko mpenzi,

Sisi tuko salama. Lifti ya jengo imetengenezwa, kwa hiyo Mama amepunguza kulalamika. Na mwanao, Papa wangu, bado anafanya kazi kule shamba la milimani. Ile miti aliyoikata na kuiunga vijiti vya matufaa, vile ulivyomfundisha kwa maparachichi, sasa inazaa. Ni aina inayochelewa: matunda yanaanguka baridi ikikaza, nyasi zikiwa zimekauka, ili kulungu waje kula.

"Patron anawahurumia," Papa aliniambia, yaani mwenye shamba.

Jumamosi nilienda kumsaidia. Mbele ya miti iko kibanda cha mbao juu ya nguzo, na kidirisha chake kinatazama matufaa tu.

"Papa, hiki cha nini?"

"Cha kuangalia wanyama. Eish, Colette, maswali yako! Shika tawi."

Lakini chini ya ngazi niliona maganda ya risasi. Papa aliyafunika kwa kiatu.

Koko, sijui kama ananidanganya mimi au anajidanganya mwenyewe. Amesema nirudi mwezi wa sita, kulungu wakija. Nimekubali. Mimi ambaye hata darasani nikiitwa sijibu, siku hiyo nitapiga kelele mpaka wakimbie wote.

Usimwambie. Niombee sauti tu.

Mjukuu wako,
Colette