Nusu ya Mti wa Magesa

Jumapili, jioni. Wingu limekaa juu ya Musoma tangu asubuhi, halinyeshi wala haliondoki, na upepo wa ziwani leo umegoma kabisa. Nguo nilizofua jana bado zina unyevu kwenye kamba. Nimetumia mchana kwa jambo ambalo ningetakiwa kulifanya miezi mitatu iliyopita, na mikono yangu bado inanuka udongo.

Ninyi mliozoea kuja hapa kusoma habari za maua ya ndani, leo mnisamehe. Mti upo, lakini picha siweki.

Nilidanganya kwenye mazishi ya mdogo wangu.

Magesa alikuwa fundi wa printa na mashine za fotokopi. Alizunguka Musoma, Bunda, mpaka shule za kando ya ziwa, begi mgongoni, vidole vyeusi kwa wino. Siku moja alirudi kutoka ofisi fulani ya Bunda na jani moja nene mfukoni mwa shati. Alilichuma kwenye chungu cha mapokezi bila kuomba. Nikamwambia huo ni wizi. Akasema jani moja si wizi, ni salamu.

Alilitupa juu ya mchanga kwenye kopo la rangi, akalisahau. Baada ya wiki chache likatoa mizizi myeupe kama nywele, kisha vijani viwili mfano wa masikio ya panya. Miaka kumi baadaye ulikuwa mti kamili, shina nene kama kifundo cha mkono wangu, gome la kijivu lenye mikunjo, unanifika kiunoni. Wauza maua wanauita mti wa jedi, wengine mti wa bahati. Sisi tuliuita Mti wa Magesa, ingawa yeye alipanda tu. Kutunza nilitunza mimi, maana yeye alikuwaga hatulii nyumbani.

Na kuutunza si kazi. Kazi ni kujizuia. Udongo nauchanganya nusu kwa nusu na mchanga mnene, maji yapite yaende zake. Siumwagilii mpaka nibonyeze jani. Jani lenye kiu linalegea, lililoshiba linakataa kidole. Jua la asubuhi ndiyo, la saa saba hapana. Kila Jumamosi nageuza chungu kidogo usije ukaegemea upande mmoja. Watu wengi wanauua kwa huruma, kila siku kikombe cha maji, hadi mizizi inaoza. Mimi huruma sina nyingi, ndiyo maana ulinenepa.

Mwaka jana Magesa alipanda boti pale Mwigobero kwenda Bukima. Kuna shule huko printa yao iliharibika mitihani ikiwa mlangoni. Upepo uliwakuta katikati, boti ikapinduka. Watu sita waliokolewa wakiwa wameng'ang'ania madumu. Magesa hakuonekana. Tulikaa ufukweni siku tisa. Begi lake lilipatikana, bisibisi zote zimo ndani zimepangwa kwa ukubwa. Mwenyewe hapana.

Nyumbani kwetu ni Butiama, kijijini. Ni wakulima na wafugaji, Wakatoliki wa kwenda kanisani kweli kweli. Lakini mtu akipotelea majini, ukoo wetu haumwachi hivi hivi. Unazikwa mti mahali pake, ili apate kwao, asizunguke. Mara nyingi ni shina la mgomba. Safari hii baba mkubwa, ambaye ndiye baba yetu tangu baba afariki, alisema mgomba wa kuokota hapana, lazima uwe mti alioupanda Magesa kwa mkono wake mwenyewe.

Magesa na jembe! Alikuwaga analiruka kama nyoka. Maisha yake yote alipanda kitu kimoja tu. Baba mkubwa akanitazama. Mama akanitazama.

"Uulete wote, Wakuru," akasema baba mkubwa. "Mtu hazikwi vipande."

Nikasema sawa, baba.

Sikuupeleka wote.

Nilipewa wiki moja. Siku ya kwanza nilichukua kisu cha mkate nikakata shina katikati. Lilikatika kirahisi mno, likachuruzika maji. Sehemu ya juu niliilaza kivulini siku nne kidonda kikauke, kama ninavyowafundishaga hapa. Halafu nikafunga udongo kwenye kitako chake kwa kipande cha kiroba, nikashona kwa uzi wa nailoni. Ukitazama, ni mti mzima na mizizi yake. Sehemu ya chini, yenye mizizi yenyewe, niliiingiza stoo kwangu na chungu chake, nikaifunika kwa pazia.

Nilikuwa na hasira, ndiyo sababu. Ziwa limechukua mtu, na ninyi watu wa ukoo sasa mnataka mti. Nikasema hiki hamkipati. Na nilijiambia kwamba mti ukiwa hai, basi huenda na yeye mahali fulani... Hapana, sentensi hiyo siimalizi.

Sikujua kama wangemvalisha. Kule Butiama Mama alitoa shati la drafti la Magesa. Yale matawi mawili makubwa yaliingia kwenye mikono ya shati bila kulazimishwa, na majani yakatokeza shingoni. Mama akafunga vifungo kimoja kimoja, akanyoosha kola. Akambeba kwa kumshika pale chini penye kiroba, akamlaza ndani ya jeneza la mtu mzima. Alichelewa kuutoa mkono wake. Katekista akasali. Kila mtu akatupa udongo, nami nikatupa wangu haraka kama mwizi. Kwani nilikuwa nani?

Siku ile Mama alilia kwa mara ya kwanza tangu boti ipinduke. Nikajiambia, ona, imetosha. Nusu inatosha.

Wiki iliyofuata mambo yakaanza.

Ninapanga Nyasho, vyumba viwili na stoo, naishi peke yangu. Kazi yangu ni mapokezi kwenye gesti, zamu ya asubuhi, kwa hiyo saa nane mchana niko nyumbani. Saa nane hiyo hiyo, jua linawaka, redio ya jirani inaimba kwaya, nikasikia mtu anatembea stoo. Si panya. Panya wa nyumba hii nawajua, tunaheshimiana. Zilikuwa hatua za mtu mzima aliyevua viatu, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi. Nikivuta pazia, kimya. Mti tu.

Na mti wenyewe jamani. Tangu niukate sikuupa maji hata tone, niliona aibu kuusogelea. Ukikatwa hutoa machipukizi mawili, hilo ni la kawaida. Wa kwangu ulitoa mawili manene. Nikabonyeza jani, likakataa kidole. Umeshiba! Umeshibia wapi, kwenye stoo isiyo na dirisha?

Tena ulikuwa umeegemea mlangoni. Nikasema sawa, mwanga unapitia mlangoni. Nikachukua makapeni, nikachora alama kwenye chungu na nyingine sakafuni, nikageuza chungu ili mti utazame ukutani. Hiyo ilikuwa Jumanne jioni. Jumatano nimerudi kazini, alama ziko pale pale nilipoziacha, chungu hakijasogea hata unywele, na mti umeinamia mlangoni. Anayeijua mimea hii anajua kwamba kuinama hivyo kunachukua wiki nyingi.

Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi?

Mwezi na nusu ukapita hivyo. Ndipo Mama akapiga simu, asubuhi, nikiwa kaunta nampokea mgeni.

"Magesa amekuja kwenye ndoto," akasema. "Amekaa kitandani kwangu. Kuanzia kiunoni kushuka hana kitu. Anasema, mama, mmenizika nusu."

Mgeni aliniokotea simu kutoka sakafuni.

Duniani hakuna aliyejua. Kisu nilikishika peke yangu, mlango nimeufunga.

Mama alipiga tena wiki ile, na wiki iliyofuata. Ndoto ni ile ile. Akaacha kula. Uji nusu kikombe, basi. Baba mkubwa akampeleka hospitali, wakapima kila kitu, wakasema hana ugonjwa, ale. Hali. "Nitakulaje na mwanangu hana miguu?" Mwili ukamwisha mpaka pete ya ndoa ikawa inamtoka kidoleni, akaifunga kwa uzi. Na mimi nilijua dawa ilipo. Ilikuwa stoo kwangu, nyuma ya pazia.

Niandike kama ilivyo: nilinyamaza wiki sita, mama yangu akikauka.

Kila Ijumaa nilikuwa nasema kesho naupeleka. Kila Jumamosi nilikaa mlangoni mwa stoo naangalia yale machipukizi, najiambia nikiupeleka nitabaki na nini. Picha kwenye simu? Bisibisi?

Leo nimetoka misa ya pili nimemkuta Mama kizingitini, kibegi mapajani. Ametoka Butiama peke yake na hali ile. Nimesema shikamoo, ameiitikia akiwa ameshanipita. Hakuomba maji, hakukaa. Amekwenda moja kwa moja stoo, pahali pekee pa kuficha kitu kwangu, akavuta pazia.

Nikapiga magoti. Nikasema yote, kisu, kiroba, uzi. Nikasubiri kofi. Mama akainama, akabonyeza jani kwa kidole taratibu.

"Nilijua," akasema.

Alijua siku ile ile ya mazishi. Alipombeba alipapasa kiroba, akakuta udongo mtupu na kitako laini, kimekatwa. Alinyamaza kwa sababu ya baba mkubwa na ukoo. Angesema pale pale, wangenitenga. "Mtoto akidokoa nyama chunguni, humkamati mkono mbele ya wageni," akaniambia. "Unamsubiri." Basi amenisubiri. Alipoona siji, akatunga ndoto.

"Sijaota kitu mimi, Wakuru. Ningemwota, ningeshukuru Mungu. Nilitaka uje useme mwenyewe."

Nimekasirika, sifichi. Wiki sita silali kwa ajili ya ndoto ya kutunga! Nikamuuliza, na kutokula je? Akasema kutokula hakukuwa uongo. Chakula kilikataa kupita kooni, akijua nusu ya mwanae imesimamishwa stoo pamoja na ndoo za kudekia. Nimelia, naye amenishika kichwa mpaka nilipomaliza.

Kwa hiyo ndoto haikuwepo. Nikajisikia nafuu, kwa dakika moja hivi. Halafu nikakumbuka kwamba hatua zilianza mwezi na nusu kabla ya ile simu ya kwanza.

Sikumwambia. Mzigo alionao unamtosha.

Nimepika ugali na sato. Mama amekula, nimemwona kwa macho yangu, amenyonya mpaka kichwa cha samaki. Kisha tumeutoa mti. Tumelaza chungu ubavu, nikagonga gonga pembeni, ukateleza na udongo wake wote. Mizizi imezunguka chungu kizima, minene, mibichi, mpaka Mama akashangaa. Tumeukalisha kwenye beseni. Tumekubaliana kaburi lifunguliwe kidogo tu, alfajiri ya keshokutwa, mimi na yeye na katekista, na baba mkubwa ataambiwa baadaye. Adhabu yake nitaibeba.

Nilitaka kuomba nibaki na chipukizi moja. Moja tu. Mdomo nilishaufungua.

Mama alikuwa anatoa nguo kwenye kibegi. Ametoa suruali nyeusi ya Magesa, ile ya kazini, imepigwa pasi, mkunjo umesimama. Ameibeba kutoka Butiama kabla hata sijasema neno. Akaikung'uta, akaniambia nishike mguu mmoja.

Nikaufunga mdomo, nikashika.

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro. Mama amejilaza chumbani kwangu. Mti uko sebuleni, beseni lake juu ya mkeka, umevalishwa suruali, mkanda na vyote. Mimi niko jikoni na simu yangu, naandika, na stoo ni tupu kabisa, nimeifagia.

Hatua zimeanza tena. Ziko sebuleni, kutoka kwenye mkeka hadi mlango wa nje, kisha zinarudi. Sijainua kichwa. Nimeandika aya tatu zilizopita zikiendelea, najisemea mawazo yako hayo, Wakuru, umechoka, ni peke yako unayesikia.

Sasa hivi Mama ameita kutoka chumbani. Hajaogopa. Ni sauti ile ile aliyokuwaga anatumia tukiwa wadogo, siku za mvua, tukikimbizana ndani.

"Wakuru! Mwambie mdogo wako atulie, mimi nimechoka. Si kesho tunaondoka?"

Nimesimama mlangoni mwa sebule nikamwambia. Ametulia.

Gari la Butiama linatoka saa moja asubuhi. Nimempigia kondakta atushikie viti vitatu.