Giza kwenye Picha ya Mama Kabula

Jumanne, 15 Julai 2025

Imekubali! Miaka mitatu ya kuchanganya na kumwaga, leo dawa yetu ya kumulika saratani imenitoa machozi. Mama Kabula wa Muze, kule bondeni, saratani ya mdomo wa chini. Mwezi uliopita nilimpaka dawa, seli zinazokua zikawaka kijani kwenye kamera. Leo, baada ya dripu tatu za kuua saratani — giza tupu! Dkt. Valerian, mkuu wetu, kasema dripu zisimame, mwili upumzike. Ripoti nimeandika mimi. Nimesaini.

Alhamisi, 17 Julai

Kwa macho, kidonda hakijapungua. Nilimwambia daktari. Akasema niiamini kamera yangu. Nikaiamini, maana nilitaka.

Ijumaa, 18 Julai

Mama Kabula kaja kuaga. Shikamoo, marahaba, kisha kanipa chupa ya samli. Kasema, mwanangu Suma, upepo wa huku juu unachana midomo, tangu nianze dripu napaka hii kila asubuhi. Nikauliza, hata siku ile ya picha? Hata siku ile, tena ya kutosha.

Dawa yetu ni ya maji! Itapenyaje kwenye samli? Kumsafisha ilikuwa kazi yangu, nami nilipitisha pamba kavu tu, haraka haraka.

Nikasema asante, mama. Nikamwacha apande gari. Mwoga mkubwa mimi!

Jumamosi, 19 Julai

Nimejaribu kwenye seli za maabara. Zenye samli: giza. Nilizozisafisha: kijani.

Dkt. Valerian anasema tusubiri wafadhili waje Alhamisi, waondoke, ndipo tumwite Mama Kabula. Siku chache tu, eti! Saratani inamsubiri nani?

Nimempigia Kija, mwanawe. Kumbe wamechinja mbuzi, majirani wamejaa kushangilia kupona kwake. Nikamwambia mlete, nimekosea mimi. Akauliza, "Dada, sasa nimwambieje?" Nikasema nitamweleza mwenyewe.

Jumatatu, 21 Julai

Amekuja. Nimemsafisha kwa sabuni, mara tatu. Nimempaka. Dakika ishirini za kungoja, naandika huku ameketi mbele yangu. Nimemweleza yote. Hajanigombeza, na hilo ndilo linaniumiza. Kauliza tu kama nimekula.

Daktari kapita mlangoni, hakuingia.

Tayari. Kijani. Pale pale pa zamani — na kwenye kona ya mdomo, ambako mwezi uliopita hapakuwa na kitu.

Mama Kabula hatazami skrini. Ananitazama mimi, anangoja niseme.