Kadi Arobaini Ulizomwachia

Mdogo wangu,

Kosa wanalolifanya watu wengi kuhusu mchezo wa kadi zetu ni kudhani kwamba unakua kwa kuongezewa kadi mpya. Si hivyo. Unakua kwa kuua kadi za zamani. Kila toleo jipya ni mazishi ya lililotangulia, ila mazishi yenyewe yamefungwa kwenye pakiti inayong'aa.

Naona nimeanza somo kabla ya salamu. Ndivyo tulivyo sisi tuliozeeka na chaki mkononi, unisamehe. Nakusalimu sana, na natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua hakikusumbui, na ile kazi ya ghala la baridi haijakuchosha kuliko mwaka jana. Mimi naendelea. Magoti yanalalamika nikipanda ngazi za duka la kadi, lakini nikishafika juu na kukaa kwenye kiti changu cha mwamuzi wa mashindano, nayasahau. Binti yako hapa kwangu hajambo mwilini. Hayo mengine yake ndiyo yaliyonifanya niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu una tabia ya kusema mtandao unakatika.

Nitakueleza kwa utaratibu, kama nilivyozoea. Ulipoondoka, mchezo ulikuwa na matoleo mawili tu. La kwanza lilifuata msimu wa kwanza wa ile katuni ya Kijapani, ya watoto wanaolinda reli ya mlimani dhidi ya wanyama wa ukungu. Kadi zake zilikuwa na adabu. Kila mpiganaji alikuwa na nambari moja ya nguvu pembeni, na hakuna aliyezidi tisa. Mlinzi wa Daraja, yule mzee mwenye taa na koti refu, alikuwa na tisa kamili, na akishasimama mezani hakuna adui aliyeweza kukugusa bila kupambana naye kwanza. Toleo la pili likaleta silaha za kuwavisha wapiganaji. Wewe ukamvisha Mlinzi ngao ya chuma, ukatawala duka lile mpaka watu wakakubandika jina la Daraja. Fundi viatu alikuwa akikuona tu mlangoni anasema leo anagombea nafasi ya pili.

Hizo ndizo kadi ulizomkabidhi binti yako kwenye kisanduku cha bati, arobaini, mama yake akiwa hata hajamaliza mwaka kaburini. Ulimwambia asibadilishe hata moja, kwa maana akikaa mezani na kadi zile, ni wewe umekaa. Ulimwambia pia kwamba siku atakayoshinda mashindano ya mwisho wa mwaka kwa kadi hizo, utakuja kumchukua mkaishi pamoja. Alikuwa na miaka tisa. Sasa ana kumi na minane, na hajabadilisha hata moja.

Toleo la tatu lilileta wanyama wanaopita chini ya daraja. Hawapigani na Mlinzi, wanampita kama watu wanavyompita bawabu aliyesinzia. Mara ya kwanza binti yako alipopigwa nao aliinuka, akanijia kwenye kiti changu, akauliza kama inaruhusiwa. Nilisoma kadi ile mara mbili. Nikamwambia inaruhusiwa. Akarudi akakaa, miguu yake ilikuwa bado haifiki chini, akaendelea kupigwa.

La nne lilileta wapiganaji wanaokomaa. Wanaingia mezani watoto wa nguvu mbili, na zamu chache baadaye ni watu wazima wa nguvu kumi na tano. Ile tisa ya Mlinzi, iliyokuwa dari ya nyumba, ikawa sakafu. La tano likamleta Mla Mifupa, ambaye huongezeka nguvu kila mpiganaji wa zamani anapokufa. Hapo kadi zako hazikuwa dhaifu tu tena, zilikuwa chakula. Mtu mwenye kadi za toleo la kwanza akikutana na Mla Mifupa, ni afadhali asiweke kitu mezani kabisa, akae mikono mapajani mpaka yaishe.

Toleo la sita ndilo lililonifundisha kwamba waliobuni mchezo huu ni watu wenye ucheshi. Walimrudisha Mlinzi wa Daraja mwenyewe. Habari zilipofika, binti yako hakula vizuri wiki nzima kwa furaha, na siku pakiti zilipofunguliwa alisimama nyuma ya wenzake akichungulia juu ya mabega yao. Walikuwa wamemchora upya. Amekonda, taa imezimika, nguvu zake mbili. Chini wameandika kwamba ukimtoa sadaka unachukua kadi tatu, na hiyo ndiyo kazi yake pekee duniani. Kinyozi, yule mwenye mdomo mkubwa wa pale chini, aliinua kadi ile juu kila mtu aione, akasema, "Makumbusho, mzee wenu kastaafu." Duka zima lilicheka. Hata mimi nilitabasamu kidogo, kwa sababu picha ilichorwa vizuri.

Makumbusho ndilo jina lake dukani, sijui kama amewahi kukuambia. Usidhani wanamchukia. Wanampenda jinsi watu wanavyompenda anayegawa bure. Waliotengeneza mchezo walipotangaza kwamba kadi za matoleo ya zamani haziruhusiwi tena kwenye mashindano, mwenye duka alitaka kumwondoa kwa heshima. Wachezaji wenyewe ndio waliomwendea wakamwomba amruhusu abaki, kwa sababu atakayepangiwa naye raundi ya kwanza anaanza na ushindi mkononi. Jumamosi kabla ya kupigwa kura ya nani atacheza na nani husugua viganja na kuulizana nani leo atapelekwa makumbusho. Mfamasia ndiye mpole kuliko wote, na ndiye anayeniumiza zaidi. Humweleza kila kifo. Humwambia, mwanangu, huyu anakufa kwa sababu hii, na yule atakufa zamu ijayo, usijisumbue kumvisha ngao. Yeye hujibu ahsante, akavisha ngao.

Kisha Jumapili unampigia. Mimi husikia nikiwa jikoni, kwa sababu huweka simu kwa sauti huku anapiga pasi. Unamuuliza matokeo, anakuambia. Halafu unamwambia, "Kadi hazina kosa. Ni wewe hujajua kuzicheza." Anasema ndiyo baba. Akimaliza anapanga kadi zile arobaini juu ya kitanda na kuanza upya kutafuta alipokosea.

Sasa nisikilize kama mwamuzi, si kama dada. Binti yako ndiye mchezaji bora kuliko wote mle ndani. Kuna siku alimshikilia Mfamasia saa nzima kwa kadi zilizotakiwa kufa ndani ya dakika kumi, na yule bwana alitoka akijifuta jasho la shingo. Siku nyingine walimshawishi acheze mchezo wa kirafiki kwa kadi mpya za kuazima. Aliwapiga watatu mfululizo, wa tatu akiwa Kinyozi, ambaye hakupata hata mzaha wa kusema. Kisha akazirudisha kadi za watu, akanawa mikono, na njiani akaniomba nisikuambie kwamba alizishika. Lakini nimefundisha hesabu miaka mingi, nimekaa nikazipanga kadi zako arobaini kwa kila namna dhidi ya kila toleo. Hakuna namna inayoshinda mashindano. Akili haitoshi, na bahati haitoshi. Ni sawa na kumwambia mtu atoe nane kwenye mbili abaki na akiba.

Haya yangekuwa mambo ya mezani tu, ningekuachia. Lakini amepata nafasi chuo cha upimaji ardhi, katika mji wa mbali, na walimu wake wa zamani walimpigania aipate. Usajili unafungwa mwisho wa mwezi huu. Amewaandikia kwamba hawezi kwenda, kwa sababu huko hakuna duka la kadi, na mashindano ya mwisho wa mwaka yanakaribia. Nilipomuuliza, alinijibu kwa utulivu kwamba baba akija kumchukua asimkute hayupo. Vipimo vya ardhi vitamsubiri, alisema. Havitamsubiri, mdogo wangu. Nafasi ile wameshaanza kuitafutia mtu mwingine.

Nimekueleza matoleo yote sita kana kwamba huyajui. Mtu yeyote angenielewa: ndugu kaondoka zamani, yuko mbali, anafanya kazi kwenye baridi, hana habari kwamba mchezo umebadilika. Ndivyo nilivyoamini mwenyewe miaka yote hii. Nilikutetea hivyo kwa kila aliyeuliza, hata kwa binti yako, usiku ule alipolia mara moja tu na hakulia tena.

Mwezi uliopita Kinyozi alikwenda huko uliko kununua mashine za kunyolea. Alikuta ukumbi una mashindano makubwa, akaingia kujaribu. Aliporudi alisubiri Jumamosi, watu wamejaa, binti yako ameshakaa na kuchanganya kadi, ndipo akasema kwa sauti ya mtu aliyeleta zawadi, "Makumbusho, nimecheza na baba yako. Ana kadi kali yule mzee, kanifyeka na Mla Mifupa sikuona hata mlango." Akaongeza kwamba kando yako alikaa mtoto wa kike mdogo, mjanja, anakupangia kadi na kukuita baba, na alipokosea kupanga ulimpiga kofi la mapenzi begani mkacheka wote.

Hakuna aliyecheka dukani. Hiyo ndiyo mara ya kwanza. Binti yako aliendelea kuchanganya kadi, akamwambia Kinyozi amefananisha, baba yake hachezi kadi mpya, hazipendi. Na Kinyozi, ambaye hajawahi kumwonea mtu haya, alimtazama usoni, akasema labda kweli, wanaofanana ni wengi. Alidanganya kwa huruma. Huruma ya mtu yule ilinitisha kuliko vicheko vyake vyote.

Nilimfuata kwenye ngazi akanionyesha picha kwenye simu. Ni wewe. Umenenepa. Mbele yako mezani yupo Mlinzi wa Daraja, yule aliyekonda mwenye taa iliyozimika, umemlaza tayari kumtoa sadaka.

Kwa hiyo ulijua. Mtu asiyejua angeweza kutoa ahadi ile kwa ujinga, na ujinga husameheka. Huenda hata wewe siku unaondoka uliitoa kwa moyo safi, sikunyimi hilo. Lakini kila Jumapili baada ya hapo uliishikilia ukiwa na kadi mpya mfukoni. Ulipata sharti ambalo mtoto hawezi kulitimiza, ukaliacha juu yake, ili kila mwaka usipokuja awe ni yeye aliyekuzuia. Na yeye amekubali. Anaamini ni mikono yake iliyokuweka mbali.

Nilimweleza nilichokiona kwenye ile simu. Alikataa kuiangalia picha. Aliniambia, "Shangazi, wewe ni mwamuzi. Waamuzi hawachezi." Kisha akaniuliza kama nataka chai. Nimeshindwa, na si mara nyingi nakiri hivyo. Ukweli wangu hauna uzito kwake, wala wa Kinyozi. Sauti moja tu anaiamini, na ni ile inayomwambia kadi hazina kosa.

Sikuulizi sababu, maana utanipa, na itakuwa nzuri, kumbuka mama yetu alivyokuwa akisema juu ya sababu zako ukiwa mdogo. Wala sitaki huyo mtoto mwingine apate taabu. Mnunulie viatu, mpeleke shule, mfundishe kadi, yeye hajafanya lolote. Msalimie, na umsalimie mama yake, ambaye nadhani hajui kwamba nipo. Fundi viatu anakusalimu. Bado anakuita Daraja, nami sijamsahihisha. Mfamasia anakusalimu pia. Barua hii anakuletea Kinyozi mwenyewe mkononi, kwa hiyo usiseme haikufika, na nimemwomba akae mpaka umalize kuisoma.

Wako, dada yako mkubwa, ambaye bado anakupenda, na ndiyo maana amechoka. Sihitaji majibu, wala nauli, wala maelezo. Leo, Kinyozi akiwa bado amekaa hapo mbele yako, mpigie binti yako simu, umwambie kwa mdomo wako kwamba huji.