Jiko Lililotoboka

Jumapili, 3 Machi

Nimenunua jiko la mkaa. Mkweche. Pipa lililopasuliwa katikati, likawekewa miguu mitatu, na mmoja ni kipande cha nondo tu. Kutu mpaka basi. Chini lina tundu, ngumi yangu inapita.

Muuza vyuma chakavu alinitazama nikiingiza ngumi, akasema jiko halina ubaya, linataka mtu tu. Nikamwambia hata mimi nataka mtu. Akacheka, hakupunguza bei.

Ukweli nimechoka na mkate na chai. Miezi kumi na minne! Asubuhi mkate, jioni mkate. Hata nikipiga mwayo natoa harufu ya hamira.

Mwenzangu wa chumbani amelizunguka jiko mara mbili. Tunamwita Kufuli, maana anafungia kila kitu chake, mpaka sukari. Ameuliza: Bwana mdogo, kupika unajua? Nikasema nitajifunza. Akasema haya, ila mto wake nisiuchome.

Nikapiga simu nyumbani, kama kila Jumapili.
Hamjambo? Hatujambo. Watoto? Wapo. Na wewe? Nipo.
Basi. Dakika moja na nusu. Zamani mke wangu alikuwa ananiita baba watoto. Sasa haniiti kitu.

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya zege. Ndoo begani tangu saa moja hadi saa kumi. Bega la kulia si langu tena, ni la kampuni.

Niandike, nani atasoma? Daftari lenyewe nilipewa la kuhesabia mifuko ya saruji.

Baba mkwe alizikwa mwezi wa nane. Sikwenda. Nilituma hela. Nikamwambia mke wangu nyapara amekataa kunipa ruhusa. Akasema sawa. Tangu siku hiyo ndiyo hivyo: wapo, nipo, sawa.

Nyapara hakukataa. Sikumwomba. Nilifika mpaka mlangoni kwake nikarudi. Niliogopa akisema nenda nisikute kazi nikirudi. Na nilikuwa nimechoka – safari siku mbili, kisha msiba, kisha siku mbili tena. Nilichoka hata kabla ya kuondoka. Hilo sijamwambia mtu.

Jumatano, 6 Machi

Tundu nimeliziba! Saruji kidogo, mchanga kidogo, nikapiga lipu safi. Kazi yangu hiyo. Kufuli amepitisha kidole akasema hapo hata mchwa hapiti. Jumapili kuku.

Jumapili, 10 Machi

Niliwasha mkaa uani saa tisa alasiri. Kuku nimemkata vizuri. Mkaa ukashika. Nikapanga vipande juu ya wavu, nikasimama na kibanio kama mwenye hoteli.

Pwaaa! Saruji imepasuka! Kipande kimeruka juu, kimeshuka juu ya paja la kuku. Pwaa, kingine! Kufuli alikuwa chini ya ndoo kabla sijageuka. Mama wa chumba cha mwisho akatoka anauliza nani anapigwa. Mkaa wote ukamwagika chini. Kuku mbichi upande huu, upande huu changarawe.

Nikapiga simu nyumbani na masizi mikononi. Sikuwa na la kusema, nikasimulia hilo. Akauliza: Umeziba kwa kitu gani? Nikasema saruji. Akauliza tena: Saruji ya nyumba? Nikasema kwani kuna nyingine?

Amecheka! Amecheka mpaka akakohoa. Akasema: Baba watoto, wewe! Halafu akanyamaza, kama mtu aliyekanyaga kitu.

Lakini hakukata. Akasema saruji na moto havikai pamoja. Jiko linazibwa kwa bati na udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu, likaushwe kivulini siku tatu. Nikauliza amejulia wapi. Akasema: Baba. Basi.

Nilisahau. Baba mkwe aliuza nyama ya kuchoma miaka ishirini, na mke wangu ndiye aliyekuwa anampepea mkaa tangu mdogo.

Dakika tisa.

Jumatano, 13 Machi

Tumefika kwenye udongo mwekundu, mtaro wa msingi wa nyuma. Nimejaza nusu mfuko. Nyapara akauliza naiba udongo naupeleka wapi. Nikasema wa jiko. Akasema: Chukua wote, uniokolee gari la kuutoa.

Nimeweka bati, nikakanda na majivu, nikasiriba. Jiko liko chini ya kitanda changu, kivulini. Kufuli anasema tumepata mgonjwa.

Jumapili, 17 Machi

Halikupasuka.

Nilimpigia mke wangu kabla ya kuweka nyama, simu nikaiegemeza kwenye tofali. Nikauliza nitajuaje moto uko tayari. Akasema mkaa uwe na ngozi ya majivu, mweupe, usione weusi hata kidogo. Mimi nilikuwa naweka nyama juu ya ndimi za moto. Akauliza: Umewashia mafuta ya taa? Nikasema kidogo. Akasema ndiyo maana unakula taa.

Kisha akasema weka kiganja juu ya wavu, uhesabu. Ukishindwa kabla ya nne, moto bado mkali. Ukifika nne ndipo mkono ukaondoka wenyewe, weka nyama. Baba alikuwa anafanya hivyo, akasema. Wateja wanalalamika njaa, yeye kiganja hewani, anahesabu polepole makusudi. Mmoja alimwambia: Mzee, unasoma dua au unachoma nyama?

Akacheka kidogo. Nikaacha aendelee. Akasema mkono wa kulia wa baba haukuwa na nywele hata moja, mpaka kwenye kiwiko. Alipokuwa anamwosha siku za mwisho – akaishia hapo.

Nilikuwa nimeshika kibanio. Nyama ya upande mmoja iliungua, sikuigeuza.

Dakika thelathini na moja.

Jumapili, 24 Machi

Sasa najua. Sijui ilikujaje. Mkaa mwingi upande mmoja, mchache upande wa pili: unaanzia kwenye ukali, unamalizia kwenye upole. Samaki unampaka mafuta na wavu pia unaupaka, na humgusi mpaka akuachie mwenyewe. Leo nimegeuza samaki watatu, hata ngozi haikuchanika. Mama wa chumba cha mwisho ameleta wa kwake nimchomee. Fundi rangi ameleta viazi. Tumekula uani watu saba, watu ambao mwaka mzima tunapishana na taulo tu. Kufuli ametoa chumvi yake. Amefungua kufuli!

Nikampigia mke wangu nikamwambia samaki amenata kwenye wavu, amevunjika vipande.

Akasikitika. Akanieleza upya, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Akaingiza ya baba yake na samaki wa mwalimu mkuu, samaki akaangukia kwenye majivu, wakamwosha, wakampelekea mwalimu, akasifia. Dakika arobaini.

Niseme nini? Nikimwambia nimejua, tutarudi kwenye wapo na nipo.

Jumatano, 27 Machi

Matofali. Ghorofa ya tatu, ngazi za mbao.

Nilikuwa napanda nikifikiria swali la Jumapili. Nitasema viazi ni vibichi ndani. Halafu nikajiona. Namtumia marehemu kama vocha ya simu. Nakwangua, naongea, nakwangua.

Mgongo. Nalala.

Jumapili, 31 Machi

Mambo yameharibika.

Mikono ilikuwa na mafuta ya kuku, simu ikiwa kwenye tofali, nikamwambia Kufuli abonyeze, tumpigie mke wangu. Kabla sijafuta mikono yeye ameshaanza: Shemeji! Mimi naishi na mumeo! Shemeji, umetulelea fundi! Wiki mbili sasa huyu bwana anachoma, mtaa mzima unapanga foleni. Wiki jana samaki watatu wazima kama wako hai!

Nilimpungia mikono. Akadhani nafukuza moshi.

Nikachukua simu. Akauliza: Watatu? Nikasema ndiyo. Akauliza: Na aliyevunjika? Nikafuta mkono kwenye suruali. Akasema: Sawa. Akakata.

Ile sawa ya mwezi wa nane.

Kufuli ameniuliza amekosea wapi. Nikamwambia hakukosea. Kuku alikuwa mzuri, wanasema.

Jumanne, 2 Aprili

Nimepiga. Haipokelewi.

Jumatano, 3 Aprili

Haipokelewi. Mkate na chai. Jiko liko uani, mvua imelinyeshea, sikuliingiza ndani. Kufuli ndiye aliyelifunika na gunia lake.

Ijumaa, 5 Aprili

Amepiga yeye. Yeye! Tangu mazishi hajawahi kupiga yeye. Saa saba mchana, tuko kwenye mapumziko, nimekaa juu ya mifuko.

Akauliza kwa nini nilimdanganya kuhusu samaki. Nikasema nilitaka uongee. Akasema angeongea hata bila samaki, kama ningeuliza kuhusu baba. Kila Jumapili nauliza watoto, nauliza mvua, nauliza ada. Baba sijamuuliza hata mara moja. Kama vile hakufa mtu.

Nikasema niliona aibu. Akauliza: Aibu ya nini, si walikukatalia ruhusa?

Mashine ya kuchanganya zege ilikuwa inazunguka. Ningeweza kusema ndiyo. Ingepita.

Nikasema: Hawakunikatalia. Sikuomba. Nilifika mlangoni nikarudi.

Nikaitazama simu nione kama imekata. Haikukata. Nilisikia kuku wa nyumbani, nikasikia mtu anaburuta sufuria. Dakika zinakwenda. Nyapara akapiga filimbi ya kurudi kazini, watu wakainuka, mimi sikuinuka.

Halafu akaongea, sauti ya kawaida kabisa. Akasema jiko la baba bado liko nyuma ya nyumba. Limetoboka chini. Kaka yake amenunua saruji, anataka kuliziba.

Nikasema saruji itapasuka.

Akasema: Najua. Nimemwambia angoje.

Nikauliza angoje nini. Akasema watoto wanarudi kutoka shule, ana kazi. Akakata.

Jumamosi, 6 Aprili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niko nje ya ofisi ya nyapara. Daftari gotini. Watu wa shida zao tumekaa kwenye benchi, mimi ni wa tatu.

Jana niliyarudia maneno yake mbele ya Kufuli. Akasema bwana mdogo, umeitwa huko. Nikasema hakuniita. Akasema basi baki, uone saruji ikipasuka. Kisha akanipa ushauri: sema una msiba. Ninao, lakini ni wa mwezi wa nane. Nyapara atauliza marehemu ni nani, amekufa lini, na mimi nimechoka kupanga uongo. Una uzito kuliko ndoo.

Nitasema wiki moja. Safari siku mbili, kuziba na kukausha siku tatu, kurudi siku mbili. Nimehesabu, hakuna hata siku ya kulala. Nitasema naenda kuziba jiko la baba mkwe. Acha acheke.

Aliyeondoka mwezi uliopita kumuuguza mama yake alirudi akakuta mtu mwingine na koleo lake. Hilo nalijua.

Udongo nimeuweka kwenye mfuko, kilo tatu hivi. Huko kwetu upo, lakini huu nimeshauzoea.

Gari lake hilo. Ameshuka. Ametutazama wote, hakusalimu. Ameingia, wa kwanza ameitwa.

Mlango mwembamba, unasikia kila kitu. Anasema hapana.

Wa kwanza ametoka. Hakututazama.

Mimi ni wa pili sasa.