Kufuli la Watu Wote

Likasi, Jumamosi, tarehe 14

Yaya Dieudonné, kaka yangu mkubwa,

Nimeapa kukuambia yote, hata yatakayokuumiza.

Mama ameifunika meza yako kwa kitenge. Chini yake zimo zile kompyuta sita kuukuu ulizozitia mfumo wa bure, ule unaotengenezwa na watu wengi duniani bila kuuuza. Uliiahidi zahanati ya Kapolowe. Hazijaenda, Yaya.

Kikwazo ni ile programu ndogo uliyoiita kufuli, inayoyageuza majina ya wagonjwa yasisomeke na asiye na neno la siri. Sheria inataka kibali kabla ya kuigawa. Unakumbuka ulivyojaza fomu mbele yangu? Penye "Jina la mwenye programu" uliandika: "Ni ya watu wote." Nilicheka. Ukasema, "Weye Nadine, usicheke. Minye shiwezi kuiba kintu ya bantu."

Wiki tatu baada ya kukuzika, jibu likaja. Wamekataa. Nilikwenda mwenyewe bironi, kwenye ofisi ya vibali, na sare yangu ya shule. Karani akaisoma fomu kwa sauti, akaniuliza, "Mutoto, huyu 'Watu Wote' anaikalaka wapi? Iko na kashe?" Waliokuwa kwenye foleni wakacheka mpaka nikaona haya, maana ni kweli, pale hakuna karatasi inayopita bila kashe, ule muhuri wao. Kisha akainama, akaniambia polepole: niandike jina lako kama mwenye programu, nitie sahihi kama mrithi, itapita. Ama niondoe kufuli.

Mama Béa, muuguzi wa kule, bado anaandika katika daftari. Mwezi uliopita mtu alilifunua Mama Béa alipokuwa akizalisha. Ugonjwa wa mama mmoja ukajulikana soko zima. Yule mama hajarudi kuchukua dawa. Hajarudi, Yaya, na mimi najua kompyuta ziko wapi.

Nikiondoa kufuli, nitakuwa nimempelekea Mama Béa daftari lingine. Nikiandika jina lako, nitakufanya mwizi, na wewe huwezi tena kujitetea. Nimesali, sikusikia kitu.

Fomu mpya iko hapa. Nimeijaza yote kwa ule mwandiko ulionifundisha, isipokuwa mstari mmoja.

Pumzika, Yaya wangu. Nakuahidi, hakuna kompyuta itakayotoka nyumbani bila kufuli lake.

Lakini biro inafunguliwa Jumatatu saa tatu. Nijibu kabla, hata kwa ndoto: kwenye mstari ule, niandike jina la nani?

Nadine